Mkoba wa bastola bila bastola: nilivyonunua M1916 kwenye mnada wa mtandaoni

Mkoba wa kwanza ulinigharimu dola 85, na nauli ya posta dola 14 juu yake. Tangazo lilisema ni halisi, wa Vita Kuu ya Pili. Nilipofungua boksi hapa nyumbani Ohio ulinuka rangi ya viatu, ile mpya ya kopo. Miaka themanini kabatini, halafu harufu ya dukani? Nikampigia baba simu ya video Tanga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nini hicho?"

"Mkoba wa bastola. Wa jeshi la Marekani."

"Na bastola yenyewe iko wapi?"

"Sina. Nakusanya mikoba tu."

Akanyamaza. Baba ameshona viatu Ngamiani tangu sijazaliwa, na sidhani kama alishawahi kusikia mtu analipia ngozi kuukuu isiyovaliwa wala kubebea kitu. Kisha akasema, "Geuza." Nikageuza. "Sogeza simu kwenye mshono. Sogeza tena. Huo uzi mbona unang'aa? Una kiberiti hapo?" Kulikuwa na ncha ya uzi imechomoza nyuma, nikaigusa na moto. Haikuungua ikawa majivu. Iliyeyuka, ikajikunja ikawa kishanga kidogo cheusi, kigumu. "Nailoni," akasema baba. "Huyo kakuuzia kitu cha juzi."

Muuzaji alibisha sana. Nililalamika kwa wenye jukwaa na picha ya kile kishanga, fedha zikarudi baada ya siku kumi na moja. Nauli haikurudi.

Kwa asiyeujua, M1916 ndio mkoba wa ngozi wa bastola ya M1911, ile ya kaliba .45 ambayo jeshi la Marekani liliichukua mwaka 1911 na halikuanza kuibadilisha rasmi mpaka mwaka 1985. Kabla yake kulikuwa na M1912, wenye kiungio cha kuzunguka uning'inie vizuri kwa askari aliyepanda farasi. M1916 ukakiacha kiungio hicho. Juu una ndoano ya waya inayoingia kwenye matundu ya mkanda wa jeshi, chini kabisa una ugwe wa kufungia pajani usipigepige mtu akikimbia, na mbele kifuniko kikubwa chenye herufi US ndani ya duara la yai. Ilitengenezwa kwa wingi vita vya kwanza na vya pili, ndiyo maana mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuupata. Na ndiyo maana bandia zake zimejaa.

Baada ya aibu ile nilijifunza kuomba picha. Wauzaji wengi wanapiga ule upande wa US tu kwa sababu unapendeza, lakini upande huo hauna habari nyingi. Habari ziko mgongoni, ambako kiwanda kiligonga mhuri wake na mwaka: Boyt 42, Sears 1942, G&K 1918. Mhuri peke yake usikutie wazimu, maana hata ule wangu wa nailoni ulikuwa nao, tena umesomeka vizuri kupita kiasi. Mhuri wa zamani uligongwa kwa nguvu, ngozi ikadidimia, na kingo za herufi zimelainika kwa kusuguana na suruali za watu. Wa bandia mara nyingi unakaa juujuu kama umechorwa.

Picha ya pili ninayoomba ni ya ndani ya kifuniko na chini ya ile sehemu inayoshika ndoano. Huko jua halifiki. Ngozi ya kweli huko ina rangi tofauti na ya nje, aghalabu nyepesi zaidi. Ile iliyozeeshwa kwa makusudi imechovywa rangi nzima nzima, imelingana kila pembe. Ya tatu ni ya ukingo uliokatwa. Mikoba hii ni ngozi iliyosindikwa kwa magome ya miti, na ukingo wake una rangi ya kahawia mpaka katikati. Ngozi ya viwanda vya kisasa inayosindikwa kwa kemikali ya kromiamu mara nyingi ina kijivu au kibuluu moyoni. Baba anasema zamani pwani kwetu magome ya mikoko yalichunwa kwa kazi hiyohiyo, na yeye ngozi ya magome anaitambua kwa kuinusa. Mimi bado nahitaji picha.

Mkoba ukishafika, nina tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti bandia. Nyuzi nyingi za sasa zinawaka kibuluu chini yake. Uzi wa zamani wa pamba au kitani uliopakwa nta unabaki umepooza. Si ushahidi wa mwisho, kwa sababu mtu akiufua mkoba kwa sabuni ya unga nao utawaka. Napitisha pia sumaku kwenye kishikizo cha kifuniko, kwani kinatakiwa kiwe cha shaba ya manjano na sumaku isikijali. Kishikizo cha bandia niliyouziwa kiliivuta tik! kama mlango wa friji. Ukikuta utando wa kijani kama nta kuzunguka shaba, furahi. Huo ni shaba na mafuta ya ngozi vimeishi pamoja miaka mingi.

Unga mwekundu ndio usiufurahie. Ngozi ya magome ikiliwa na asidi na hewa chafu huanza kuvunjika ikawa vumbi la rangi ya matofali linalobaki vidoleni, na hakuna dawa ya kuirudisha. Siku hizi nauliza wazi: ukipitisha kitambaa cheupe, kinatoka na rangi gani? Asiyejibu swali hilo simtajii bei.

Mkoba wa pili nilinunua kwa kampuni ya mnada ya kawaida inayorusha mnada wake mtandaoni. Nyundo ilianguka kwenye dola 90, nikafurahi kijinga, kumbe kuna ada ya mnunuzi ya asilimia 25. Dola 112 na nusu kabla ya posta. Iliandikwa, sikusoma. Mkoba wenyewe ni halisi ila mwenye nao wa mwanzo aliuogesha mafuta, yale yanayochemshwa kutoka mifupa ya miguu ya ng'ombe. Umekuwa mweusi, umelegea kama tambi, hausimami wenyewe mezani.

Wa tatu ndio ninaoupenda. Ulikuwa mweusi tangu kwenye picha, na muuzaji kauandika wa enzi za Vietnam. Kosa lake lilieleweka. Jeshi liliacha ngozi ya kahawia likaenda kwenye nyeusi miaka ya 1950, kwa hiyo wengi wakiona mweusi wanaruka. Lakini kwenye picha ya mgongo, nyuma ya ndoano, palikuwa na mstari mwembamba wa kahawia, upana wa kucha. Mikoba mingi ya vitani haikutupwa, ilipakwa tu rangi nyeusi ikaendelea na kazi. Nikaandika kikomo changu, dola 60, nikaacha mfumo unipandishie wenyewe, nikaenda kulala. Asubuhi nimeupata kwa 41.

Ulipofika nilishika taa ubavuni mwa ule mgongo. Chini ya rangi nyeusi zikajitokeza herufi: BOYT, na chini yake 42. Ndani bado kuna umbo la bastola, limejichora kwenye ngozi kama mguu kwenye kandambili.

Nikampigia baba tena. Safari hii hakuuliza bastola iko wapi. Aliniambia niiweke simu karibu, nisitikisike, akavaa miwani, akaanza kuhesabu matundu ya mshono kwa sauti, huku msharasi wake uko mkononi.