Nililipia shokapu 4 za Land Rover 109, wakafunga 2

Nikipita Unga Limited, hapa Arusha, ilipo ile gereji, mpaka leo nafsi inachemka. Nilidhani hasira zitapoa zenyewe. Wiki zimepita, hazijapoa, basi naandika.

Gari ni Land Rover 109, ile ndefu ya zamani, ya marehemu baba. Tangu lile tamasha la Land Rover la 2024 hapa Arusha, kila gereji mjini inakwambia ina fundi wa Land Rover za zamani. Nami nikaiamini moja, kisa tu nilikuta wamepaki tatu uani.

Shida yenyewe ilikuwa wazi. Matuta ya Kisongo nikishayavuka, gari linaendelea kudunda peke yake. Tairi za mbele zilianza kulika madoamadoa. Ukikandamiza bampa ukaachia, linapanda na kushuka mara tatu nne ndipo litulie. Uzito wa gari unabebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi, kwa kuyapenyeza mafuta yaliyo ndani yake kwenye vitundu vidogo mpaka mdundo uishe. Mafuta yakishavuja, umebaki na bomba linaning'inia. Nikakubaliana na bosi: shokapu 4 mpya, bushi zake za mpira na ufundi, jumla 560,000. Nikalipa zote siku ileile.

Nililichukua jioni. Mbele lilikuwa limetulia mpaka nikafurahi kweli. Nyuma lilichezacheza kidogo, nikajua ni kwa kuwa halina mzigo. Nikachungulia chini: zote 4 nyeusi, zinang'aa. Nikawashukuru, nikaondoka.

Siku chache baadaye nikampelekea shangazi mabati Engaruka. Ukishaipita Selela njia ni vumbi na mawimbi, na kila kona mkia wa gari ulikuwa unatupwa pembeni mpaka mikono ikaanza kunitetemeka. Nikasimama chini ya mgunga. Baba alinifundisha hivi: ukitoka kwenye njia mbaya, zishike shokapu moja moja. Inayofanya kazi utaikuta ya moto, maana ule mdundo wote unageuka joto ndani ya mafuta. Iliyokufa utaikuta baridi. Nikashika za mbele, nusura niungue. Nikaingia uvunguni nyuma. Baridi. Zote mbili.

Mkono ukatoka mweusi. Nikakwangua kwa funguo, rangi ikabanduka kama ganda, chini yake ikatokea bluu. Bluu ile naijua. Baba alizipaka mwenyewe, kwa rangi iliyobaki kwenye geti letu la Sakina. Hata nyuzi za tambara walilofutia mafuta zilikuwa zimegandia ndani ya ile nyeusi. Nilikaa pale chini nikalia.

Niliporudi gereji, bosi hakuinuka kitini. Nilimsalimia, nikamweleza taratibu. Akanijibu, "Dada, gari za zamani ndivyo zilivyo, zinadunda." Nikamweleza habari ya joto. Akawageukia vijana wake: "Eti anazipima shokapu homa!" Wakaangua kicheko. Kisha akaniambia, "Nenda kamlete mwenye gari, tuongee wanaume."

Mwenye gari ni mimi. Kadi ina jina langu. Ule wizi ningeweza kuusamehe mapema kuliko neno lile, mbele ya vijana ambao wengine ni umri wa mdogo wangu wa mwisho.

Niliondoka pale nimeshaamua niandike watu wasikanyage. Kabla sijafika getini akaniita fundi mmoja mtu mzima.
"Mwanangu, ngoja kwanza."
"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Hebu nilione."
Akaingia chini, akapapasa kwa kiganja, akatoka kimya. Hakubishana na bosi wake. Alienda stoo, akarudi na maboksi mawili, akayafungua mbele yangu. Akang'oa kotapini, zile pini za kuzuia shokapu isichomoke, na washa, akazitoa zile za nyuma, moja akaisimamisha sakafuni na kuisukuma kwa kidole. Ikazama bila ubishi wowote. Akachukua mpya, akaiegemea kwa uzito wake wote, ikashuka polepole kama inagoma. Akazipampu mpya zote mbili wima mara kadhaa kutoa hewa, akaweka bushi mpya na kotapini mpya. Hakuniomba hata ya soda. Nilipompa, alikataa.

Sasa gari linapita Kisongo limetulia mbele na nyuma, kama alivyokuwa akiliendesha baba. Kwa kazi ya yule mzee ningesema nendeni, tena nendeni na Land Rover zenu zote. Mikono kama ile imebaki michache mjini hapa. Lakini pesa haipokei yeye, na siku akiwa hayupo utabaki na nani? Hapana, msiende. Ama kama huna pengine, mwulizie mzee kwanza, usitoke gari likiwa juu ya jeki, na za zamani uondoke nazo.

Zangu mbili zipo hapa verandani, nusu nyeusi, nusu bluu. Bosi hajaniomba radhi mpaka leo.