Yamaha Virago 535: kruza ya kufufua kwenye gereji ya nyumbani

Anayetafuta kruza ya zamani (pikipiki ya kukaa chini na kunyoosha miguu mbele) ya kufufua mwenyewe, hasa Uingereza, hamalizi siku mbili za kupekua matangazo kabla ya kukutana na Yamaha XV535 Virago. Iliingia sokoni mwaka 1987 na Ulaya ikaendelea kuuzwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kiti chake kiko chini na haina uzito wa kutisha, ndiyo maana ilipendwa sana na waliokuwa wanaanza. Leo nyingi zimelala kwenye vibanda vya uani, zimefunikwa turubai, petroli ya miaka kumi ikiwa bado ndani ya tangi.

Kwa mtu anayefufua pikipiki mara ya kwanza tunaipendekeza, ila kwa sharti moja: inunue ikiwa kamili na kromu yake ikiwa hai. Injini yake ni mvumilivu. Bajeti inamalizwa na mfumo wa mafuta, umeme, na vitu vinavyong'aa.

Tuanze na injini, kwa kuwa ndiyo inayowatisha watu bila sababu. Ni silinda mbili zilizokaa umbo la V la nyuzi 70, jumla sentimita za ujazo 535, pistoni za milimita 76 na mwendo wa milimita 59. Inapozwa na upepo, kwa hiyo hakuna rejeta wala pampu ya maji ya kuvuja. Nguvu inakwenda gurudumu la nyuma kwa shafti, hivyo cheni na sproketi za nje hazipo. Tapeti ni za skrubu na nati, hazihitaji vipande vya kubadilisha. Pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa: valvu ya kuingiza milimita 0.07 hadi 0.12, ya kutoa moshi 0.12 hadi 0.17. Toa plagi zote mbili ili krenki izunguke kirahisi. Kila silinda ina alama yake ya kuonyesha pistoni imefika juu kabisa, na kutumia alama ya moja kurekebishia nyingine ndilo kosa la kawaida hapa. Ukifika kwenye alama, tikisa mikono ya valvu za silinda hiyo: yote miwili iwe na mchezo kidogo. Mmoja ukiwa umebana, zungusha krenki raundi nzima, kisha pima upya.

Kabla ya kugusa stata, mimina kijiko cha oili kwenye kila tundu la plagi, acha usiku kucha, asubuhi zungusha krenki kwa spana. Ikizunguka laini bila kukwama, una mradi. Oili ni lita 2.6, au 2.8 ukibadilisha na filta. Chagua yenye alama ya JASO MA, kwa sababu klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na oili nyingi za magari zina viambato vinavyoifanya iteleze. Oili ya kwanza usiitegemee: iendeshe kwa muda mfupi, imwage ikiwa ya moto, weka mpya. Gia ya gurudumu la nyuma inachukua lita 0.19 tu za oili ya gia SAE 80 daraja la GL-4. Gurudumu la nyuma likiwa nje, paka meno ya kiunganishi cha shafti grisi yenye molibdeni. Hatua hii inarukwa mno, na meno yaliyokauka hulika kimyakimya.

Sasa mafuta, ambako kazi yenyewe ipo. Tangi kuu la Virago hii liko chini ya kiti. Kwenye matoleo ya mwanzo kile kinachoonekana kama tangi juu ni mfuniko tu, na ujazo ni lita 8.6. Baadaye liliongezwa tangi la juu na jumla ikafika 13.5. Kwa kuwa tangi la chini liko chini kuliko kabureta, kuna pampu ya umeme, na pampu hiyo ndiyo inayowaumiza wenye haraka. Ukifungua swichi kabla ya kusafisha tangi, inavuta kutu na utomvu wa petroli iliyooza na kuusukuma moja kwa moja kwenye kabureta. Usifungue swichi. Mwaga petroli yote, toa mipira ya mafuta, toa matangi.

Kutu ya ndani inatoka kwa asidi ya limau ya unga, ile ya kutolea chokaa ya birika: gramu 50 hadi 100 kwa lita ya maji ya moto kiasi, jaza tangi hadi juu, anza kukagua baada ya saa 12. Ukiiacha siku nyingi itaanza kula chuma kizuri. Suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuua asidi, kisha maji safi, kisha zungusha spiriti kidogo ivute unyevu. Chuma kisafi huanza kushika kutu ndani ya dakika chache, kwa hiyo kikikauka tu paka oili nyepesi. Dawa za kupaka ndani ya tangi hatuzipendi, isipokuwa tangi limetoboka vitundu na hakuna lingine la kupatikana. Zikipakwa juu ya kutu au mafuta hubanduka, na magamba yake huziba filta barabarani.

Mipira ya mafuta ya zamani badilisha yote. Petroli ya kawaida ya Uingereza ni E10 (yenye ethanoli hadi asilimia 10) tangu Septemba 2021, na ethanoli hulainisha na kupasua mipira ya enzi zile. Tafuta yenye chapa ya SAE J30 R9, na ikipatikana E5 (ethanoli hadi asilimia 5) ipe pikipiki hiyo.

Kabureta ni mbili, Mikuni BDS34, aina inayoinua pistoni yake kwa mvuto wa hewa na diaframu ya raba. Kabla ya kutoa skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu huku ukihesabu raundi hadi iguse, andika, ndipo uitoe. Jeti ya mwendo wa chini ina tundu jembamba kuliko unywele wa brashi ya chuma, na ndiyo huziba kwanza. Dalili yake ni injini inayowaka kwa choki na kuzima ukiirudisha. Usiichokoe kwa waya, waya hupanua tundu na kipimo kinapotea. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, ipulize kwa hewa ya kompresa, iangalie dhidi ya mwanga. Diaframu inyooshe mbele ya taa utafute vitundu, hasa kwenye kingo. Kisha ijaribu: inua pistoni kwa kidole, ziba njia ya hewa, iachie. Ikianguka ghafla, hewa inapita mahali.

Kuhusu vifurushi vya bei nafuu vya kukarabati kabureta, raba zake nyingi zinafaa, lakini jeti za shaba hazina uhakika wa kipimo. Safisha jeti za asili uzirudishe, tumia raba mpya. Na raba mbili zinazounganisha kabureta na silinda zikunje kwa mkono: zenye nyufa huingiza hewa ya ziada, na injini itapiga milipuko kwenye ekzosi kila unapoachia mafuta, hata kabureta ziwe safi namna gani. Mwisho sawazisha kabureta mbili kwa geji za mvuto, weka mwendo wa kusimama kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika.

Umeme unadai subira. Stata ikizunguka kwa sauti ya kusaga huku injini imesimama, klachi ya stata imelegea au imelika. Iko nyuma ya rota ya altaneta, upande wa kushoto. Inahitaji kifaa cha kuvutia rota na gasketi mpya, na usifungue kava pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni, oili yote itamwagika miguuni. Stata ikizunguka kwa uvivu na betri ni nzima, fungua mota yake uangalie kaboni (brashi zake). Mara nyingi zimeisha, na ni kazi ya jioni moja. Chaji ipime kwenye betri, injini ikiwa mwendo wa juu: chini ya volti 13.5 kagua soketi za nyaya tatu za kutoka altaneta kabla ya kununua reguleta, kwani soketi iliyoungua ndiyo mkosaji wa kawaida. Zikipita 15, reguleta imekufa na itachemsha betri. Na pikipiki inayozima mara tu unapoingiza gia haina ugonjwa mkubwa: swichi ya stendi ya pembeni imejaa tope.

Breki za mbele ni za sahani, nyuma ni drami. Weka sili mpya, mpira mpya wa maji ya breki, maji ya breki DOT 4. Shuu za nyuma zikague hata zikiwa nene, gundi ya zamani huachia. Tairi ni 3.00-19 mbele na 140/90-15 nyuma. Zenye namba ya tarehe ya tarakimu tatu zilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, zitupe bila kuangalia kashata zake.

Kromu ndiyo inayofuta hesabu nzuri. Kupaka upya ekzosi, ringi za taa na vifuniko kunaweza kuzidi thamani ya pikipiki nzima, na ekzosi iliyotoboka kwa ndani haipakiki. Stadi za ekzosi (boliti zinazoishikilia) kwenye silinda hukatika: zinyunyizie mafuta ya kupenyeza siku tatu mfululizo, pasha moto kichwa cha silinda, sogeza nati mbele na nyuma robo raundi. Ikikataa, acha. Stadi iliyokatikia ndani ya alumini ni kazi ya karakana yenye mashine.

Ukiagiza spea, andika XV535 na mwaka, usiandike "Virago" pekee. Jina hilo lilibandikwa pia kwenye 250, 700, 750, 920, 1000 na 1100, na injini zao ni tofauti. Sifa mbaya ya stata iliyo maarufu zaidi ni ya zile kubwa za miaka ya mwanzo ya 1980, ambazo hatumshauri mtu wa mara ya kwanza.

Siku ya kwenda kuiona, beba betri iliyochajiwa, tochi, na spana ya krenki. Chungulia ndani ya tangi la chini, gonga ekzosi kwa kidole sehemu zake za chini, kagua kama hati ya V5C (hati ya usajili ya Uingereza) ipo na namba ya fremu inalingana. Bila hati na bila ekzosi, hata ikitolewa bure ina gharama.