RecBCD na AddAB: kazi moja, maumbo mawili

DNA ya bakteria ikikatika nyuzi zote mbili, ili kuanza kuikarabati bakteria Escherichia coli hutegemea kimeng'enya RecBCD, Bacillus subtilis hutegemea AddAB. Vyote huichonga ncha iliyokatika hadi ubaki mkia wa uzi mmoja, ambao protini RecA huushika na kuutafutia DNA inayofanana nao.

RecBCD ina injini mbili za kuisogeza kwenye DNA, RecB na RecD, kila moja juu ya uzi wake, ila kisu ni kimoja tu, ndani ya RecB, nacho hukata nyuzi zote. AddAB ni kinyume: injini moja, visu viwili, kila kisu na uzi wake. Kwangu mimi, mpangilio wa AddAB ndio nadhifu zaidi.

Vimeng'enya hivi vikifika alama ya Chi, yaani mfuatano mfupi maalumu wa herufi za DNA, huacha kuukata uzi wa 3′, ule unaobaki kuwa mkia. RecBCD husubiri herufi 8, GCTGGTGG. AddAB hutosheka na 5, AGCGG.