Uzoefu wangu: akaunti ya Google ilifungika Lamu, nikaihangaikia Malindi, ikafunguka Shela

Nianze na matokeo kabisa, akaunti imerudi na simu imefunguka, ila nimekaa siku tisa bila simu na pesa zilizotoka sitaki kuzitaja maana mke wangu husoma huku. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta msaada nilipewa ushauri wa kila aina na hakuna hata mtu mmoja aliyenambia lile jambo ambalo lingeniokolea safari nzima, kwamba hii kazi ya kurudisha akaunti ifanye nyumbani, kwenye mashine uliyozoea kuitumia.

Mimi ni kapteni wa mashua hapa Lamu, napeleka wageni Manda Toto na Takwa, na kazi yangu yote iko kwenye simu. Mgeni wa Takwa huwezi kumwambia tu njoo asubuhi, lazima uangalie maji yanajaa saa ngapi, yakiwa yametoka utakwama kwenye mikoko mpaka aanze kukuuliza maswali. Kwa hiyo tarehe, saa za maji, namba za watu, nani kalipa nusu, yote yamo humo. Sasa usiku mmoja wa Ramadhani nikabadilisha pateni, ule mchoro wa kufungulia simu, kwa sababu watoto wa dada yangu wameshaijua ile ya zamani na wananimalizia bando na magemu, nikachora mpya nikiwa nasinzia, nikalala. Kuamka daku kidole hakikumbuki kitu. Nikajaribu, simu ikanambia ngoja nusu dakika, nikajaribu tena, ngoja tena, mpaka adhana ya alfajiri ikanikuta na glasi ya maji mkononi sijainywa.

Asubuhi nikampelekea fundi mmoja Langoni. Akasema hiyo dakika kumi tu, kapteni. Akaizima, akabana kitufe cha kuwashia pamoja na cha sauti, akachagua kwenye yale maandishi madogo, simu ikafutika yote ikaanza upya kama imetoka dukani. Nikafurahi, nikalipa. Kufika hatua ya tatu au ya nne ikaandika kwamba niingie kwa akaunti ya Google iliyokuwa ndani ya simu hii kabla. Imeili naijua. Paswodi? Niliiweka miaka hiyo nikanunua simu na sijaiandika tena toka siku hiyo, simu ndiyo iliyokuwa ikikumbuka badala yangu.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho fundi alipaswa kunambia kabla hajabana vitufe vyake. Toka Android 5.1 mwaka 2015 kuna hii kinga, simu ikifutwa kwa vitufe haikubali kutumika mpaka ipate akaunti ya mwenyewe, ili mwizi asifaidike. Ukiifuta kwa kupitia mipangilio ukiwa umeshaingia ndani ya simu, haina shida hiyo. Yaani kabla ya fundi nilikuwa na kufuli moja, baada ya fundi kufuli likabaki na vitu vyangu havimo.

Basi watu wakanambia nenda Malindi kuna wataalamu. Nikashika boti mpaka Mokowe, nikapanda basi, Witu, Garsen, nimefunga na jua lile, nikafika kwa mjomba kule Shella ya Malindi nimekauka kama papa wa ng'onda. Kesho yake fundi wa kwanza akanitajia elfu mbili na mia tano ya kubaipasi, yaani kuiruka ile kinga, halafu akauliza risiti ya simu iko wapi. Sina. Boksi? Sina. Akairudisha juu ya kaunta akasema shekhe, bila karatasi siigusi, siku hizi tunaletewa za wizi. Siku ile nilimchukia kwelikweli. Leo naona ndiye fundi pekee wa maana niliyekutana naye katika safari yote, na bure hakunitoza kitu.

Nikaingia sayba, nikafungua ule ukurasa wa Google wa kurudisha akaunti. Ukanambia utatuma kodi, zile tarakimu za kuthibitisha, kwenye namba inayoishia na tarakimu mbili fulani, nikatazama, lo, ile laini niliitupa zamani! Nikaipigia. Akapokea mama mmoja, laini kashapewa yeye, nikamueleza kwa adabu zote kwamba samahani mama, kuna ujumbe utaingia kwako wenye tarakimu sita, ukinisomea utakuwa umenisaidia. Akacheka kidogo halafu akanitukana vizuri, akasema nyinyi matapeli hata Ramadhani hamwachi. Akakata. Na alikuwa sawa! Ningekuwa mimi ningemtukana zaidi.

Nikabonyeza jaribu njia nyingine, jaribu njia nyingine, mwisho ikaandika haikuweza kuthibitisha kwamba akaunti ni yangu. Nikarudia mara tatu pale pale, jibu ni hilo hilo. Jioni nikalalamika kwenye Facebook kwa simu ya mjomba na haikupita nusu saa watu watatu wameshaniingia inboksi, mmoja anajiita mtaalamu wa kurudisha akaunti anataka elfu moja ya kuanzia. Nilishaandika mpaka namba yake nimebakiza kubonyeza tuma, mjomba akaninyang'anya simu yake.

Nikarudi Lamu mikono mitupu. Aliyenipa mwanga ni binamu yangu anayesimamia nyumba ya wageni Shela, hii ya hapa Lamu si ile ya Malindi. Akasema wewe si ulikuwa ukifungua imeili zako kwenye laptopu yetu hapa kila siku? Jaribu hapo. Kumbe Google wenyewe wanashauri hivyo, tumia kifaa ulichokuwa ukitumia na mahali ulipozoea kuingilia, maana mashine ya sayba ya Malindi wao hawaijui, mtu anayehangaika na akaunti yangu kutoka mji mwingine anafanana na mwizi moja kwa moja.

Tukakaa barazani baada ya tarawehe, waifai ya nyumba ile ile. Mara hii ukurasa ukauliza paswodi ya mwisho unayoikumbuka, nikaweka ile ya zamani niliyokuwa nayo kichwani, nilijua si yenyewe lakini haikunikatalia, ikaendelea. Halafu ikaonyesha imeili ya akiba, herufi mbili za mwanzo na nukta nukta. Nikazitazama zile herufi mbili kama mtu anayesoma mwezi. Zilikuwa za dada yangu! Yeye ndiye aliyenifungulia ile akaunti kabla hajaenda Muscat, na akaweka ya kwake. Tukampigia, kule ni saa moja mbele yetu lakini alikuwa macho anapika, akasoma tarakimu zilizoingia kwenye imeili yake moja moja huku anakoroga chungu, nikaziingiza, ikafunguka.

Nikaweka paswodi mpya, ila sikukimbilia simu, nilisoma kwamba ukishabadilisha paswodi ni vizuri usubiri saa 24. Nikasubiri. Kesho yake simu ikakubali mara ya kwanza.

Kilichorudi ni picha, kalenda, chati za WhatsApp kutoka kwenye bekap ya Google Drive, na namba zilizohifadhiwa Google. Zilizokuwa kwenye simu tu zimekwenda, pamoja na rekodi za sauti, na humo mlikuwa na marehemu baba akisoma kasida, hiyo sijui niseme nini. Wageni wawili wa Takwa walikwenda na kapteni mwingine, halali yake.

Siku hiyo hiyo nikabadilisha namba ya akiba, na nikachukua zile kodi kumi za dharura za Google za kuingilia akaunti, kila moja inatumika mara moja tu, nimeziandika kwenye karatasi iko ndani ya sanduku la mama pamoja na hati ya shamba.

Huduma ya kurudisha akaunti naipa nyota nne na ni bure. Fundi wa Langoni nimemwachia Mungu. Dada anataka achari ya embe chupa tatu zitumwe Muscat, na kila nikimpigia hata salamu hajibu, anauliza tu, haya, yeo umesahau nini?