Masomo tisa ya sauti juu ya Kristo na dhambi: mazuri, ila nilikosa swali ambalo sikulikosa

Nyota tatu kati ya tano. Zingekuwa nne kama somo la saba wasingelipitia mbiombio.

Nafundisha darasa la kipaimara. Tulipokuwa kwenye Mathayo 4, Yesu anapojaribiwa na Ibilisi jangwani, kijana mmoja ambaye miezi yote alikaa nyuma kimya aliinua mkono: "Mwalimu, kama Yesu ni Mungu, na Mungu hawezi kutenda dhambi, basi pale jangwani si alikuwa anaigiza tu?" Nikamwambia tutalijadili wiki ijayo. Walimu wenzangu mnaijua hiyo wiki ijayo. Usiku uleule nikanunua kozi hii: masomo tisa ya nusu saa hivi, kijitabu cha kupakua, na jaribio la maswali kumi mwishoni. Jina silitaji, maana nina shauri nao ambalo halijaisha.

Masomo mawili ya kwanza ni utangulizi. Ukiyaruka hupotezi kitu. La tatu ndilo linaanza kazi. Mwalimu anaeleza Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Kalkedonia wa mwaka 451: Kristo ni nafsi moja, yaani mtu mmoja, katika asili mbili, umungu na ubinadamu, zisizochanganyika wala kutengana, kisha anasema jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: asili haitendi dhambi, anayetenda ni mtu. Mkono wangu ukiiba, hawaushtaki mkono, wananishtaki mimi. Kwa hiyo anayeuliza kama "ubinadamu wa Yesu" ungeweza kuanguka anauliza habari za mkono. Mwenye mkono ni Mwana wa Mungu.

Somo la nne nimelisikiliza mara tatu. Ni la Maksimo Muungamadini, mtawa wa karne ya 7, wakati ambapo wakubwa wa dola walitaka ikubaliwe kwamba Kristo ana utashi mmoja tu, ule wa kimungu, ili Wakristo waliogombana juu ya Kalkedonia wapatane. Maksimo alikataa. Kama Kristo hana utashi wa kibinadamu, basi ni nani anayesema kule bustanini Gethsemane, usiku wa kukamatwa, "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke"? Walimkata ulimi na mkono wa kuume, akafia uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ukaja kukiri utashi mbili, ule wa kibinadamu ukiufuata ule wa kimungu bila kupingana nao. Mwalimu anasimulia haya kwa sauti ya chini, bila mbwembwe, na nilisimamisha sauti nikakaa kidogo. Naomba mlikumbuke somo hili, tutalihitaji chini.

La tano linawaleta wanateolojia wawili Wapresbiteri wa Marekani wa karne ya 19. Charles Hodge alishika kwamba jaribu lisilo na uwezekano wa kuanguka si jaribu la kweli, na mtu asiyejaribiwa kweli hawezi kutuhurumia. William Shedd alishika kinyume chake, kwa mfano wa waya: waya wa chuma peke yake unaukunja kwa mkono, lakini ukiunganishwa na nondo kwa moto, haukunjiki tena. Wote wawili waliamini kwamba Yesu hakutenda dhambi. Walibishania neno "angeweza" tu. Mwalimu anampa Shedd ushindi haraka mno. Mimi ule waya umenikaa vibaya. Waya hauna njaa. Waya hautoki hari.

Hapa ndipo kozi inaonyesha kwamba iliandikwa kwa lugha nyingine kwanza. Mimi ni Mlutheri, mume wangu ni Mkatoliki, na tukisali Baba Yetu pamoja tunagongana kila siku palepale: mimi nasema "usitutie majaribuni", yeye anasema "usitutie katika kishawishi". Kiyunani kina neno moja kwa yote mawili, kupimwa na kuvutwa. Kozi inasoma Yakobo 1:13, "Mungu hawezi kujaribiwa na maovu", halafu Waebrania 4:15, "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi", inapita kana kwamba hakuna kilichogongana. Nusu ya swali la kijana wangu ilikuwa humo! Yesu alikuwa na njaa ya siku arobaini, na njaa si dhambi, wala mkate si dhambi. Shinikizo lilikuwapo hata kama hapakuwa na tamaa mbaya ndani yake ya kulipokea.

Halafu neno "hawezi". Kwetu ukisema fulani hawezi, watu wanauliza amelazwa wapi. Ndiyo maana "Kristo hakuweza kutenda dhambi" linaingia sikioni kama upungufu. Lakini Paulo anaandika juu ya "Mungu asiyeweza kusema uongo", na kwamba "hawezi kujikana mwenyewe", na hapo hakuna ugonjwa. Anselmo, mwanateolojia wa karne ya 11, alilipitia hili zamani: Kristo angeweza kusema uongo kama angetaka, ila hakuweza kutaka. Kozi inamtaja kwa sentensi mbili.

Darasani nilitumia mama anayeuguza. Anasema, "Siwezi kumwacha mwanangu." Miguu anayo, mlango uko wazi. Na kule kutoweza hakumpunguzii usiku hata saa moja. Anayeweza kuondoka ndiye anayepumzika. Kijana alifikiri, akauliza kama Yesu mwenyewe alijua kwamba hatashindwa. Hilo kozi haina kabisa.

Na lingetakiwa kuwa katika somo la saba, la Gethsemane. Dakika kumi na moja! Jangwani wamepewa somo zima, wakati Luka anasema Ibilisi alimwacha "kwa muda" tu, na hari kama matone ya damu iko bustanini. Somo la nane na la tisa ni marudio.

Sasa shauri langu. Swali la nane la jaribio linauliza kwa nini Kristo hakuweza kutenda dhambi. Nilichagua: kwa sababu nafsi yake ni ya Mwana, na utashi wake wa kibinadamu ulimtii Baba kwa hiari. Nikapigwa alama nyekundu. Jibu lao "sahihi" ni kwamba umungu wake uliuzuia utashi wake wa kibinadamu. Uliuzuia? Basi Maksimo alikatwa ulimi kwa ajili ya nini? Aliyetunga maswali hakusikiliza somo la nne la kozi yake mwenyewe.

Niliwaandikia nikiwawekea dakika na sekunde za somo hilo. Walijibu siku ya pili, kwa adabu, kwamba watalipitia. Wiki tano sasa, bado nina tisa kati ya kumi. Wakirekebisha nitarudi kuongeza nyota. Kwa sasa, ukinunua, anza na la tatu, rudia la nne, na majibu ya jaribio usimpe mwanafunzi.