Kurudi Nyuma au Kupiga Windows Upya?

Windows Installer, yaani sehemu ya Windows inayosakinisha programu, ikigoma, programu nyingi unazosakinisha zinakatika katikati. Fundi mmoja atakwambia "piga Windows upya", yaani ifute na kuisakinisha tena, mwingine "rudi nyuma tu", yaani irejeshe ilivyokuwa siku za nyuma. Wote wana hoja.

Kwa kuokoa muda, kurudi nyuma kunashinda: unatumia nukta ya kurejesha (restore point), yaani hali ya Windows iliyohifadhiwa tarehe fulani. Fungua menyu ya Start, andika rstrui, chagua tarehe ya kabla ya tatizo, basi. Picha na nyaraka zako haziguswi. Zinazoondoka ni programu na draiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) ulizoweka baada ya hapo. Ila kwenye Windows 10 huduma hii mara nyingi huwa imezimwa. Mimi nilijua hilo siku niliyofungua orodha nikaikuta tupu!

Kupiga upya hula nusu siku pamoja na gigabaiti kadhaa za bando, na programu zote unazisakinisha tena. Usisahau kunakili faili kwanza. Lakini kirusi kilichokaa miezi hakitoki kwa kurudi nyuma wiki moja.

Kama kompyuta iliharibika jana baada ya sasisho, rudi nyuma. Kama ni ya mtumba na humjui aliyeitumia kabla yako, ipige upya.