Miezi minne ya filamu fupi: nyota nilizotoa na nilizonyima

Mimi ni mtu wa kusinzia filamu ikiwa katikati. Ikifika dakika ya arobaini kichwa kimeshalala begani, na nikizinduka majina yanapita, sijui nani kafa wala nani kaoa. Kwa hiyo nisijipambe: sikuingia kwenye filamu fupi kwa mapenzi ya sanaa. Nilitaka kitu kitakachoisha kabla sijaisha mimi. Watoaji wa tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi ikiwa haizidi dakika 40, na ndani ya hizo 40 wanaingiza hata majina ya mwishoni. Hayo majina yawekeni akiba, nitayarudia.

Nilianza na apu ya kulipia kwa mwezi. Sitaitaja. Ina maktaba kubwa, picha safi, na haikwamikwami hata bando likiwa dhaifu. Tatizo ni kwamba filamu ikikaribia mwisho, skrini inanywea na kuwa kidirisha pembeni, na hapo hapo filamu nyingine inaanza kuhesabu: tano, nne, tatu. Kwenye filamu ya saa mbili hilo ni kero ya kuvumilika. Kwenye filamu ya dakika 6 ni wizi, kwa sababu mara nyingi filamu nzima imejengwa ili ifike kwenye zile sekunde kumi za mwisho. Nilikuwa natazama moja ya mzee anayesubiri simu. Anasubiri, anapanga vikombe, anasubiri tena. Simu ikaita. Kabla hajanyoosha mkono, nikajikuta namwangalia paka wa katuni akiendesha baiskeli. Nikahangaika kurudi nyuma, kidirisha kikajifunga, nikakata tamaa. Mpaka leo sijui nani alipiga.

Nikaingia kwenye mipangilio, nikazima kile kitu. Wiki iliyofuata kikajiwasha. Nikaandika malalamiko, nikajibiwa kwa barua ya kunishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu. Hata kujitoa kulikuwa kazi, kitufe wamekizika chini kabisa baada ya kuniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nyota moja, na hiyo ni ya picha safi tu.

Nilikohamia ndiko kulikonifanya niandike haya. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1939, ina tovuti yake ambako filamu zake nyingi unazitazama bure. Sura ya tovuti ni ya kawaida, na lugha zake ni Kiingereza na Kifaransa. Ila filamu inaachwa imalizike. Inaisha, skrini inakuwa nyeusi, wewe na mawazo yako mnabaki hapo. Sikuwa najua kama hiyo nayo ni sifa ya kusifiwa mpaka niliponyimwa.

Humo ndimo nilimokutana na *Neighbours* ya Norman McLaren, ya mwaka 1952, dakika 8 hivi. Wanaume wawili wamekaa nje, ua linachipuka katikati yao, kila mmoja anadai ni lake. Hadithi ni hiyo tu. Lakini kuna mahali mmoja wao anateleza hewani juu ya nyasi kama aliyebebwa na upepo, magoti hayakunji, hatua hapigi. Nilirudisha pale mara nne. Waigizaji walikuwa watu wa kweli, ila McLaren aliwapiga picha fremu moja moja, yaani picha moja moja zinazounda filamu, kama vile watu wanavyopiga vikaragosi. Mtu anaruka, akifika juu kabisa anapigwa picha. Anatua, anasogea kidogo, anaruka tena, picha nyingine. Ukiziunganisha, mruko haupo tena, kumebaki kuelea. Kama unatazama video YouTube kwa kompyuta, isimamishe kisha bonyeza kitufe cha nukta, inasogea fremu moja. Cha mkato kinarudisha nyuma. Mimi siku hizi kitufe cha nukta ndicho kinachofutika maandishi.

Hata sauti za filamu ile hazikutoka kwenye ala. McLaren alitengeneza michoro na kuiweka pembeni mwa utepe wa filamu, pale mashine inaposoma sauti, mashine ikaisoma michoro kama muziki. Na kichekesho: ilipewa Oscar ya filamu fupi ya *habari za kweli*. Watu wanaelea hewani, wakapewa tuzo ya habari za kweli! Tahadhari kwa wenye watoto: msidanganyike na rangi na vichekesho vya mwanzoni. Ugomvi unafika hadi kwa wake na watoto wachanga, na si wa mzaha.

Kuanzia hapo nikawa na utaratibu, na ndio ninaoupendekeza kuliko apu yoyote. Natazama filamu mara mbili. Mara ya kwanza kama mtu yeyote. Kisha nasoma majina ya mwishoni, natafuta kidogo ilitengenezwaje, halafu narudia. Dakika 10 mara mbili ni 20, bado nina akili.

Utaratibu huu ulinilipa zaidi kwa *Hedgehog in the Fog* ya Yuri Norstein, ya mwaka 1975, iliyotengenezwa Muungano wa Sovieti. Nungunungu mdogo anakwenda kwa rafiki yake dubu, njiani anaingia kwenye ukungu. Katika katuni nyingi ukungu ni rangi ya kijivu iliyopakwa. Huu ulikuwa unatembea. Unamfunika, unafunguka kidogo, unamwonyesha jani moja, unamnyang'anya. Mara ya kwanza nilidhani wameweka moshi. Kumbe ni karatasi nyembamba sana. Norstein alikuwa na kamera inayotazama chini, na mchoro umelazwa juu ya vioo. Karatasi ile ukiilaza juu ya mchoro, karibu huioni. Ukiinyanyua taratibu kuelekea kamera, fremu baada ya fremu, kila kilicho chini yake kinafifia na kuwa cheupe. Basi. Hakuna mashine ya siri. Niliporudia kuitazama nilitegemea utamu utapungua, kama mazingaombwe ukishayajua. Ulizidi. Nilikuwa naiona karatasi na naogopa ukungu kwa wakati mmoja.

*La Jetée* ya Chris Marker (1962) nitaipitia haraka. Ni dakika 28 za picha mnato na sauti ya msimuliaji, isipokuwa mahali pamoja ambapo mwanamke aliyelala anafumbua macho, na macho yanafumbuka kweli. Usinywe chai wakati huo. Sikusinzia, na kwangu hiyo ni rekodi.

Ya Don Hertzfeldt, *World of Tomorrow* (2015), niliipenda kwa sababu ya mtoto. Michoro ni watu wa vijiti, lakini sauti ya yule mtoto haikufundishwa na mtu: anakatiza, anataja rangi, anahama mada huku mtu mzima anayeongea naye akiwa katikati ya maelezo mazito kuhusu kufa. Hertzfeldt alimrekodi mpwa wake wa miaka minne akichora na kucheza, kisha akaijenga hadithi kuzunguka maneno yaliyopatikana. Yaani mwandishi mwenza hakujua kama anaandika. Kwa ile apu ya kwanza nisingejua lolote la hayo, maana kidokezo kiko kwenye majina.

Nilijaribu pia tovuti ya video ya Vimeo, upande wao wa filamu zilizochaguliwa na wafanyakazi. Kuchaguliwa na binadamu kunaonekana: takataka ni chache. Lakini ukizitazama kumi mfululizo unaanza kuijua ladha ya wachaguzi. Mtu mpweke, bahari, piano. Mtu mwingine mpweke, bahari ileile, piano polepole zaidi. Nawapa nyota tatu na nusu, na ombi moja: mtuchekeshe.

Kilio changu kwa huduma zote ni lugha. Sijakutana na hata moja kati ya hizi iliyoniwekea maandishi ya Kiswahili chini ya skrini. Hata *Pumzi* ya Wanuri Kahiu (2009), filamu nzuri ya dakika kama 20 kuhusu dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, ina jina letu lakini ndani wanaongea Kiingereza. Labda ndiyo maana nilijikuta naangukia filamu zisizo na maneno kabisa, ambako sote tunaanza sawa.

Na katika hizo hakuna iliyonishika kama *Tango* ya Zbigniew Rybczyński, ya Poland, dakika 8, iliyotwaa Oscar mwaka 1983. Chumba kimoja, kamera haisogei. Mpira unaingia dirishani, mtoto anaingia kuufuata, anatoka nao. Mpira unarudi, mtoto anarudi. Anaingia mwanamke mwenye mtoto mchanga, anafanya lake, anatoka, anarudi. Mwizi. Mtu anayebadilisha balbu na kuanguka. Mpaka wanafika 36 katika chumba kimoja, kila mmoja akirudia lake, na hakuna anayemgusa mwenzake. Mwaka 1980 hapakuwa na kompyuta ya kumfanyia Rybczyński hayo. Alimkata kila mtu kwa umbo lake, fremu kwa fremu, vipande karibu 16,000 vilivyopakwa rangi kwa mkono, ili mmoja apite mbele ya mwingine bila kumtoboa. Amesema ilimchukua miezi saba, saa 16 kwa siku.

Jana usiku niliamua niwahesabu mwenyewe. Kidole kwenye skrini, nikafika ishirini na tisa, yule wa balbu akaanguka, nikamfuata kwa macho, hesabu ikapotea. Nikarudisha mwanzo. Chumba kitupu. Mpira ukaingia dirishani.